Kuondoa vanishi kuukuu kwenye upinde wa zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyepata upinde wa zamani, awe ameununua kwenye vitu vya mtumba soko la Kibuye, Kisumu, ameurithi kwa babu yake Nakuru, au ameukuta umesahauliwa stoo ya shule, na sasa anatazama vanishi iliyogeuka manjano, yenye nyufa na inayobanduka. Majibu karibu yote yanaelekea upande mmoja: ondoa kidogo kuliko mkono unavyotamani. Vanishi ni ngozi nyembamba tu, na kilicho chini yake ndicho kinachorusha mshale.

Je, ni lazima niondoe vanishi yote?

Mara nyingi si lazima. Kinachoonekana kama vanishi iliyokufa huwa ni tabaka la jasho la mikono, nta ya ugwe (kamba ya upinde), moshi na vumbi. Anza kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, ukikamue vizuri, ufute, kisha ukaushe upinde papo hapo. Baada ya hapo pitisha kitambaa chenye tapentaini ili kuondoa nta. Uache usiku mzima, asubuhi uutazame juani.

Kama vanishi imeshika imara na imepoteza mng'ao tu, ikwangue kidogo kwa msasa namba 400 kisha upake mpya juu yake. Kuiondoa yote kunafaa katika hali tatu: inabanduka vipande vipande, inanata mkononi hata baada ya kusafishwa, au nyufa zake zimepitisha maji na mbao ya kishikio imeanza kuwa nyeusi.

Nitajuaje upinde wangu ni wa aina gani kabla ya kuugusa?

Utazame ubavuni, si usoni. Upande unaoelekea shabaha ni mgongo wa upinde, na unaomwelekea mpigaji ni tumbo. Ukiona mistari iliyopangana kama kurasa, huo ni upinde wa matabaka: faibaglasi mgongoni, faibaglasi tumboni, kila moja ikiwa na unene wa takriban milimita 1, na katikati vipande vyembamba vya mbao, vyote vimegandishwa kwa gundi. Kampuni kama Bear Archery, iliyoanzishwa na Fred Bear mwaka 1933, na Ben Pearson zilitengeneza pinde nyingi za namna hii miaka ya 1950 hadi 1970, vishikio vikiwa vya mbao ngumu, bubinga ikiwa mojawapo.

Usipoona mistari, basi ni upinde wa mti mmoja, au wa mti uliobandikwa ukanda mwembamba mgongoni. Aina ya tatu ni ya bomba la chuma, kama Apollo za Uingereza na Seefab za Sweden. Hizo zipake rangi ukipenda na uzitundike ukutani, lakini usizivute. Bomba hula kutu kwa ndani ambako huoni, na hukatika bila kutoa ishara yoyote.

Upinde wangu ni wa mababu, ulitoka upande wa Mau. Nao niukwangue?

Hapana. Upinde wa kiasili haukupakwa vanishi ya dukani. Ulipakwa mafuta ya wanyama na kukolea moshi na mikono ya watu. Weusi ule ndio historia yake, na ukiukwangua haurudi. Ufute vumbi kwa brashi laini iliyokauka, basi. Kama mtu wa baadaye aliupaka vanishi ya samani ili ung'ae sebuleni, ongea kwanza na wahifadhi wa makumbusho, Kisumu Museum au Hyrax Hill pale Nakuru, kabla ya kufungua kopo lolote.

Jambo la hatari zaidi ni mishale inayokuja na upinde huo. Sumu ya mshale inayotokana na miti ya jamii ya Acokanthera hushika moyo, na ikikauka kwenye chuma inaweza kubaki na nguvu kwa miaka mingi. Ukiona utando mweusi kama lami nyuma ya ncha, au ncha imefungwa kwa ngozi, usiikwangue, usiioshe, usiipige msasa na usiruhusu mtoto aiguse. Ifunge vizuri, iweke mbali, uwaulize hao hao wa makumbusho.

Kuanzia hapa tunazungumzia pinde za kiwandani na za mafundi wa shabaha.

Nitajuaje imepakwa nini?

Chagua mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya ngozi ya kishikio au karibu na ncha. Chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti, ile ambayo mafundi wa samani huyeyushia shelaki, ukiweke juu ya vanishi kwa dakika 2. Ikinata na kutia pamba rangi, ni shelaki. Isiponata, hamia mahali pengine, ujaribu kwa thina ya laka. Laka huyeyuka na kuwa laini. Vanishi ya mafuta haiyeyuki. Hujikunja na kuvimba. Poliurethani na zile vanishi za viwandani zilizochanganywa na kigandishi hazishtuki hata kidogo, na pinde nyingi za kiwandani za miaka ya 1960 na 1970 ziko kundi hili la mwisho.

Jaribio hili lina maana kwa sababu linakuambia utumie nini. Shelaki na laka hutoka kwa kitambaa chenye kiyeyushi chake, bila kukwangua sana. Zilizobaki hutoka kwa kipasio (kifaa cha kukwangulia chenye ukingo mkali) na msasa, hazina njia ya mkato.

Thina ya kupimiwa kwenye chupa ya soda iepuke. Ikiwa imechanganywa na mafuta mengine, huacha utando usioonekana, na vanishi mpya hukataa kushika hapo, ikijikusanya kama matone ya maji kwenye jani la nduma.

Dawa ya kuondolea rangi inafanya kazi haraka kwenye milango. Kwa nini nisiitumie?

Kwa sababu haichagui. Dawa hizo zimetengenezwa kulainisha rangi ngumu, na gundi ya epoksi inayoshika matabaka ya upinde, pamoja na utomvu ulioshika nyuzi za faibaglasi, ni jamaa wa rangi hizo ngumu. Dawa ikikaa dakika 15 juu ya mkono wa upinde (sehemu inayopindika, kutoka kishikioni hadi nchani), huingia kwenye mstari wa gundi ubavuni. Upinde utaonekana mzima mezani. Utafunguka matabaka siku utakapovutwa.

Kwenye upinde wa mti mmoja dawa haileti maafa hayo, lakini hunywewa na mbao, na mabaki yake huzuia vanishi mpya kukauka. Hata huko hatuipendekezi.

Spiriti na thina zenyewe zitumie kwa kitambaa kilicholowa kidogo, ufute na kukausha mara moja. Usiloweke, usimwage juu, wala usizungushie upinde kitambaa kibichi ukaenda kunywa chai.

Na bunduki ya joto, au maji ya moto?

Usitumie. Epoksi hulegea ikipashwa, na joto linalotosha kubandua vanishi linatosha pia kulegeza gundi au kuupinda mkono upande. Kwa sababu hiyo hiyo usiuache upinde ndani ya gari lililofungwa juani, hasa Kisumu saa nane mchana.

Fundi wangu wa samani ana mashine ya msasa. Si atamaliza kwa dakika kumi?

Atamaliza, na upinde utakuwa umekwisha pia. Ukakamavu wa ubao unaopindwa hufuata unene wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe: punguza unene kwa asilimia 10, ukakamavu unashuka kwa asilimia 27 hivi. Kwenye upinde wa matabaka hali ni mbaya zaidi, kwani faibaglasi ya nje ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo, na hiyo ina milimita 1 tu ya kuchezea. Mashine ikitulia sehemu moja kwa nukta chache, mkono huo unakuwa dhaifu kuliko mwenzake, upinde unavutika upande, na hakuna vanishi itakayourudishia nguvu.

Kazi hii ni ya mkono. Kwa upinde mmoja andaa vitu hivi: karatasi 2 za msasa wa maji namba 220, karatasi 2 za namba 320, 3 za namba 400, stilwuli laini kabisa (alama yake ni sifuri nne, 0000), spiriti robo lita, thina nusu lita, utepe wa karatasi wa wapaka rangi, vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi, na kipande cha mpira mgumu au kizibo cha kuzungushia msasa. Stilwuli ya jikoni haifai. Ni nene na mara nyingine ina sabuni.

Vua ugwe kwanza. Upinde hausuguliwi ukiwa umefungwa ugwe, kwa sababu ukiteleza mkononi au ufa ukifunguka, utakurukia usoni. Ulaze juu ya blanketi mezani.

Kishikio cha mbao ndicho mahali pa kutumia kipasio. Mafundi wengi wa huku hutumia kipande cha kioo kilichovunjika, na kwa kweli kinafanya kazi safi kwenye mikunjo, ilimradi uvae glavu na upande wa kushikia uufunge utepe mara mbili tatu. Kisimamishe karibu wima, kiinamishe kidogo kuelekea unakovuta, na uvute kufuata nyuzi za mbao. Vanishi itoke kama vumbi au nyuzi nyembamba. Ikianza kutoka mbao iliyojikunja, umekandamiza mno. Malizia kwa msasa 220, kisha 320.

Kwenye mikono ya upinde kioo na wembe viache. Vipande vilivyokwisha kujiinua vibandue kwa ukingo wa kadi ya plastiki, kama ile ya simu au ya benki iliyoisha muda. Kinachobaki kipige msasa 320 uliolowa maji, kwa mistari mirefu kutoka kishikioni hadi nchani, kamwe si kwa kukata upande. Hesabu mapito, na mkono wa juu ukipata 20, wa chini nao upate 20. Futa maji kila baada ya mapito kumi hivi, ukaushe na uangalie. Sehemu inayong'aa bado ina vanishi. Iliyofifia sawasawa imetosha, hata kama unahisi tabaka jembamba limebaki. Acha libaki! Halidhuru kitu, na linakutenga na faibaglasi. Kingo za pembeni zipitie mara mbili tatu tu kwa namba 400, maana ndiko mistari ya gundi iliko.

Nitajuaje nimefika kwenye faibaglasi?

Angalia rangi ya maji ya msasa. Vanishi hutoa uji mweupe au wa manjano. Ukigeuka mweusi, kahawia au kijani kama rangi ya mkono wenyewe, umefika, acha hapo hapo. Kwenye faibaglasi isiyo na rangi, ile inayoonyesha mbao chini yake, dalili hii haipo, hivyo tegemea macho: utaona vinyweleo vyembamba vya kioo vinavyokwenda urefu wa mkono. Ukiviona vichache usiogope. Futa kwa kitambaa chenye maji; vikipotea vikilowa, vitapotea pia chini ya vanishi mpya. Vikisimama na kuchoma vidole, umepita mpaka, na upinde huo upimwe nguvu kabla ya kutumika.

Kuna maandishi na namba kwenye mkono. Yatatoka?

Mengine yako juu ya vanishi, mengine chini, na huwezi kujua kwa kutazama. Piga picha kwanza, karibu na kwa mwanga mzuri. Nakili namba zote: urefu wa upinde kwa inchi, nguvu kwa pauni (mara nyingi imeandikwa pamoja na inchi 28, yaani umbali wa kuvuta ugwe), na namba ya upinde wenyewe. Kisha zungushia utepe wa karatasi, ukiacha milimita 5 kila upande, na usivuke mpaka huo kwa msasa wala kwa thina. Baadaye lainisha ukingo kwa namba 400 ili vanishi mpya ipande juu ya ile ya zamani bila ngazi.

Mtu anayenunua upinde wa zamani hutafuta maandishi hayo kwanza. Upinde unaong'aa usio na namba huwa na bei ndogo kuliko uliochakaa wenye namba zote. Nembo ya chuma iliyozamishwa kishikioni nayo usiing'oe. Ifunike kwa utepe.

Naona nyufa. Ni za vanishi au za upinde?

Hili ndilo swali ambalo kosa lake linaumiza mtu. Pitisha ukucha. Nyufa za vanishi huwa nyingi, zimetapakaa kama matope yaliyokauka, na hupotea unaposugua. Ufa wa faibaglasi haupotei.

Ufa unaokwenda urefu wa mkono, mfupi na usiofika ukingoni, mara nyingi hauna shida. Hutiwa gundi ya superglu nyembamba inayopenya, ukaachwa siku nzima, ukasawazishwa kwa msasa 400. Ufa unaokatiza mkono kwa upana ni habari nyingine. Huo ni mahali faibaglasi ilipoanza kukubali kushindwa, kwa kuvutwa mgongoni au kubanwa tumboni, na upinde huo hauvutwi tena hata ukiupenda vipi.

Mistari ya gundi ubavuni ikague kwa tochi chumba kikiwa giza, na ujaribu kupenyeza ukingo wa karatasi nyembamba. Ukiingia, matabaka yameachana. Fanya ukaguzi huu mara mbili, kabla ya kuanza na baada ya kuondoa vanishi, kwa kuwa vanishi nene huficha mengi.

Ngozi ya kishikio niitoe?

Kama imeshika, iache na uifunge kwa utepe. Kama imeoza, ibandue taratibu kwa kisu butu, na gundi iliyobaki itoe kwa spiriti kidogo.

Vumbi na mvuke vina madhara gani?

Vumbi la faibaglasi huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Ndiyo sababu tunasisitiza msasa wa maji. Vaa barakoa ya N95, si ile ya kitambaa, na mikono mirefu. Nguo za kazi zifue peke yake. Kama upinde umepakwa rangi isiyopenyesha mwanga, ichukulie kana kwamba ina risasi, yale madini yenye sumu, kwani rangi nyingi za zamani zilikuwa nayo: maji tu, hakuna msasa mkavu.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko. Fanya kazi nje, mbali na jiko la mkaa, gesi na mshumaa. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa vyake usivikunje ukavitupa kwenye kona. Hupata joto vyenyewe vinapokauka na vinaweza kushika moto bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje vikauke, au vilowe ndani ya mkebe wa maji wenye kifuniko.

Nipake nini baada ya hapo, na wakati gani?

Kwa upinde wa matabaka, vanishi ya poliurethani au ile ya mashua, kwa sababu hunyumbuka. Robo lita inatosha na itabaki. Upake mara 3, nyembamba, ya kwanza ikiwa imepunguzwa kwa tapentaini sehemu 1 kwa vanishi sehemu 4, kama maelekezo ya kopo yanaruhusu. Kila tabaka lipe saa 24, ulipitie kwa namba 400, ufute vumbi. Tabaka nene hukauka juu likabaki bichi chini, na ukiupinda upinde linapasuka kama lile uliloliondoa.

Kama ulitumia stilwuli mahali popote, pitisha sumaku kabla ya kupaka. Chembe ya chuma iliyobaki huwa doa la kutu chini ya vanishi, nalo halitoki bila kurudia kazi.

Upinde wa mti mmoja unaweza kupakwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa: paka, subiri dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, rudia kesho yake hadi mara 4. Mgongo wake usiukwangue kabisa. Nyuzi za mbao zilizokatwa mgongoni ndizo zinazoanza kunyanyuka na kuvunja upinde.

Hali ya hewa ina neno lake. Kisumu, unyevu wa ziwa ukiwa juu na mvua ya jioni inakuja, laka ya kupuliza huota ukungu mweupe: thina ikiruka haraka hupoza uso, na unyevu wa hewani unanasa humo. Paka asubuhi baada ya umande kukauka, umalize kabla ya adhuhuri. Ukungu ukitokea juu ya laka, unyunyizie thina kidogo sana siku kavu, utaondoka. Kwa poliurethani njia hiyo haifanyi kazi. Nakuru adui wa Januari na Februari ni vumbi la upepo. Pakia chumbani, nyunyiza maji sakafuni, funga dirisha linaloelekea upepo. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, ongeza siku nzima kati ya tabaka na tabaka popote ulipo.

Ni lini naweza kuuvuta?

Subiri siku 7 baada ya tabaka la mwisho, hata kama hainati. Tumia kamba ya kufungia ugwe inayoshika ncha zote mbili. Kuukanyaga upinde mguuni ndiko kunakosokota mikono. Ugwe uwe wa Dacron, uzi wa poliesta unaonyumbuka kidogo. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka hupiga ncha za zamani kwa kishindo hadi zipasuke. Kwa upinde uliojikunja ncha, urefu wa ugwe huwa kama inchi 4 pungufu ya urefu ulioandikwa.

Ukishaufunga, usiuvute kamili. Uache umefungwa nusu saa, utazame kutoka nchani hadi nchani: ugwe upite katikati ya mikono yote miwili. Vuta inchi 10, mara kumi, usikilize. Mlio wa kutatarika kutoka kwenye vanishi pekee ni nadra. Ukiusikia, fungua ugwe urudi kwenye tochi na karatasi. Ukiwa kimya, ongeza inchi 4 kila mara hadi 28, ukipima kwa mizani ya kuning'iniza. Kilo zidisha kwa 2.2 upate pauni. Ni vizuri kuwa na kipimo cha kabla ya kazi kama upinde ulikuwa salama kuvutwa wakati huo. Pauni 1 pungufu ni kawaida ya kipimo chenyewe, lakini 4 au 5 maana yake msasa ulikula zaidi ya vanishi. Na kila ukivuta, ugwe urudishe taratibu kwa mkono. Ukiuachilia bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye matabaka.